Kwa Nini Wahunzi wa Java Hawakutia Majina Yao Katika Kazi Zao

Katika majumba ya makumbusho yanayohifadhi silaha za kale za Asia, tofauti moja huonekana mapema. Upanga wa Kijapani ukiondolewa mpini, mara nyingi huonekana maandishi yaliyochongwa kwenye msuka wake, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini: jina la mhunzi, na pengine mji wake na mwaka alioufua upanga huo. Karibu yake huenda imewekwa kerisi, jambia la kisiwa cha Java katika Indonesia. Ufundi wake ni mkubwa vilevile. Bapa lake limefuliwa kwa matabaka mengi ya chuma yaliyounganishwa kwa moto na nyundo, na michoro myeupe hupita katika chuma cheusi kama mishipa ya jani. Lakini kerisi hiyo ikigeuzwa huku na huku, hata msuka wake ukichunguzwa, jina la aliyeifua halionekani.

Hali hiyo si ya kerisi moja wala mbili; ndiyo kawaida ya kazi za karne nyingi. Swali linalozuka, basi, ni hili: kwa nini mafundi wenye ustadi mkubwa hivyo, tena walioheshimiwa na wafalme, waliacha kazi zao bila majina? Swali laonekana dogo, lakini jibu lake lagusa kemia ya metali, historia ya jamii, na namna wanadamu wanavyoamua ni nani astahiliye kukumbukwa.

KERISI NA UFUAJI WAKE

Kerisi ni jambia lenye makali pande mbili, ambalo kitako chake ni kipana na pande zake hazilingani. Nyingine zimenyooka, nyingine zina mawimbi kama nyoka atambaaye, na kwa desturi idadi ya mawimbi hayo haigawanyiki kwa mbili. Mhunzi anayefua kerisi huitwa empu, neno la Kijava lenye maana ya bingwa au fundi mkuu.

Kazi ya empu huanza kwa kuunganisha metali za namna mbili. Ya kwanza ni chuma cha kawaida. Ya pili huitwa pamori, nayo mara nyingi ni chuma chenye nikeli ndani yake. Kipande cha pamori huwekwa kati ya vipande viwili vya chuma, vyote hutiwa katika moto wa makaa unaochochewa kwa mivukuto mpaka viive kwa joto, kisha hupigwa nyundo hata vikashikamana vikawa kitu kimoja. Pande hilo hurefushwa, hukunjwa, na kuunganishwa tena. Kila likikunjwa, matabaka ya pamori huongezeka maradufu: moja huwa mawili, mawili huwa manne, manne huwa manane. Mwanafunzi wa hisabati atatambua kwamba hivi ni vipeo vya mbili. Baada ya kukunja mara sita, tabaka moja limekuwa matabaka 64. Baada ya mara saba, 128. Mwishowe empu hutia katikati bamba la chuma cha pua, yaani chuma chenye kaboni ya kutosha kukifanya kiwe kigumu, ili makali yapate kudumu.

Michoro ya pamori haionekani vizuri mara tu bapa linapomalizwa kwa tupa. Hujitokeza baada ya bapa kusuguliwa kwa maji ya ndimu pamoja na warangani, ambayo ni madini yenye aseniki. Chuma cha kawaida huathirika na kugeuka rangi ya kijivu iliyokoza hata kuwa cheusi. Chuma chenye nikeli hustahimili, kikabaki cheupe chenye kung'aa. Aseniki ni sumu kali na haifai kabisa kutumiwa shuleni. Hata hivyo, tofauti ya metali hizi mbele ya asidi yaweza kuonyeshwa bila hatari kwa kutia msumari wa chuma katika chombo chenye maji ya ndimu, na kitu kilichopakwa nikeli katika chombo kingine, kisha kuvilinganisha siku ya pili.

JE, HAWAKUJUA KUANDIKA?

Jibu la haraka ambalo mtu angeweza kulitoa ni kwamba wahunzi hawa waliishi katika jamii isiyojali maandishi. Jibu hilo halisimami. Maandishi yalikuwako Java zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na hati nyingi za wafalme zilichorwa juu ya mawe na juu ya mabamba ya shaba. Kuchora herufi katika metali lilikuwa jambo la kawaida.

Aidha, jina la fundi wa maneno halikufichwa. Neno lilelile empu walipewa pia washairi wa majumba ya wafalme. Utenzi mashuhuri uitwao Nagarakretagama, unaousifu ufalme wa Majapahit, ulikamilishwa mwaka 1365, na mtunzi wake ajulikana kwa jina la Mpu Prapanca. Ni kweli kwamba Prapanca ni jina la utunzi, lakini ni jina. Mtunzi alitaka kazi yake itambulikane nalo.

Wala haikuwa shida ya chombo au ya mkono. Mafundi wa Java walijua kutia nakshi ya dhahabu katika chuma cha kerisi. Mapokeo yasema kwamba Sultan Agung, aliyetawala Mataram kati ya mwaka 1613 na 1646, aliwatunukia nakshi ya tembo na simba wapiganaji waliozima uasi wa Pati. Ziko pia kerisi zenye maneno ya Kiarabu. Kerisi moja ya kale sana, iitwayo kerisi ya Knaud na kuhifadhiwa Amsterdam, ina tarehe ya mwaka 1264 wa Saka, ambao ni sawa na mwaka 1342. Mkono uliotia tarehe katika chuma ungaliweza kutia na jina. Kwa hiyo sababu ya kutotia jina yapaswa kutafutwa mahali pengine.

CHUMA KINACHOPUNGUA

Sababu ya kwanza ni ya kifundi. Kwa desturi, kerisi husafishwa katika mwezi wa Sura, ambao ni Muharamu katika kalenda ya Kijava. Kutu na madoa ya zamani huondolewa kwa maji yenye asidi, kisha bapa hupakwa warangani upya. Kila usafishaji huondoa chuma kidogo. Kiasi hicho hakionekani kwa macho katika mwaka mmoja, lakini baada ya miaka mia mbili au mia tatu bapa huwa jembamba, na makali huanza kuliwa. Herufi zilizochongwa juujuu zingalififia na kutoweka muda mrefu kabla ya jambia lenyewe.

Tena, uso wa bapa ulikuwa na kazi nyingine. Michoro ya pamori hutokana na matabaka yaliyopangwa kwa uangalifu, na kila mkato ndani yake hufunua tabaka la chini. Kuchonga jina mahali hapo ni kuharibu mchoro ambao ndio fahari ya kazi. Nao msuka wa kerisi haufanani na ule wa upanga wa Kijapani. Msuka wa Kijapani ni bapa, mpana, na una nafasi ya mistari ya maandishi. Wa kerisi ni kijiti cha mviringo, chembamba kama kalamu ya risasi, ambacho urefu wake ni sentimita chache tu.

Sababu hizi zina uzito, lakini hazitoshi. Ugumu wa kuandika hauzuii kuandika ikiwa mwandishi ana haja kubwa ya kusomwa. Nakshi ya dhahabu ilitiwa kwa kina ikadumu; alama ndogo ya mhunzi ingaliweza kutiwa vivyo hivyo. Basi ni lazima kuangalia haja yenyewe.

JINA LA KERISI NA JINA LA MWENYE KERISI

Kerisi njema haikufuliwa kwanza na kutafutiwa mnunuzi baadaye. Ilifuliwa kwa ajili ya mtu fulani. Empu alipaswa kujua mteja ni nani, cheo chake ni kipi, na kerisi aitakia nini. Kisha akachagua umbo, idadi ya mawimbi, na mchoro wa pamori unaomfaa. Mchoro uitwao "mchele uliomwagika", kwa mfano, ulidhaniwa kuleta riziki. Kabla ya kuwasha moto, empu alifunga, aliomba, na kuandaa sadaka. Wajava waliamini kwamba kwa njia hiyo kerisi hupata nguvu inayomlinda mwenyewe na ukoo wake. Sayansi haina kipimo cha nguvu hiyo, lakini imani yenyewe ni jambo la historia, kwa maana ndiyo iliyoiongoza mikono ya mafundi.

Katika mawazo ya namna hiyo, empu alikuwa njia ambayo baraka ilipitia. Kutia jina lake katika kerisi ya mtu mwingine kungekuwa kama mshenga kuandika jina lake katika cheti cha ndoa mahali pa bwana arusi. Kazi ya mshenga ni kubwa na hakuna asiyeijua, lakini ndoa si yake.

Tena, nafasi ya jina ilikuwa imekwisha kujazwa. Kerisi za heshima zilipewa majina na vyeo kama watu. Kerisi kuu ya jumba la Sultani wa Yogyakarta huitwa Kangjeng Kyai Ageng Kopek. Kyai ni neno la heshima wanaloitwa pia wazee na wanavyuoni. Hata malighafi ilipata cheo. Kimondo kilichoanguka karibu na Prambanan, ambacho vipande vyake vilipelekwa katika jumba la mfalme la Surakarta mwishoni mwa karne ya 18, kiliitwa Kyai Pamor, na kipande chake kikubwa kimeendelea kuhifadhiwa huko. Hivyo jiwe la chuma lilikuwa na jina, jambia lilikuwa na jina, na mwenye jambia alikuwa na jina. Kila mmoja wao alitajwa katika simulizi za ukoo, na simulizi ndizo zilizokuwa hati.

MHUNZI WA JUMBA LA MFALME

Sababu nyingine yatokana na hali ya kazi. Mwaka 1755, kwa mkataba wa Giyanti, ufalme wa Mataram uligawanywa, zikatokea tawala mbili za Surakarta na Yogyakarta. Wahunzi wakuu wa tawala hizo walikuwa watumishi wa jumba. Walipewa cheo na jina la utumishi, na kazi ya mikono yao ilihesabiwa kuwa ya mtawala. Sifa ya kerisi ilipanda kwake, kama sifa ya jengo inavyompandia mfalme aliyeamuru lijengwe.

Jina lenyewe halikuwa kitu kimoja kisichobadilika. Ilikuwa kawaida kwa Mjava kubadili jina alipokuwa mtu mzima, na kubadili tena alipopanda cheo. Mapokeo yasimulia kwamba Empu Supa, mhunzi mashuhuri wa zama za Majapahit, alipopandishwa cheo aliitwa Pangeran Sedayu. Jina la utumishi laweza pia kupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana aliyerithi kazi. Katika hali hiyo mtu aweza kuuliza: ni jina lipi lingalichongwa? La utoto, la cheo, au la ukoo mzima?

Wala kerisi haikuwa kazi ya mtu mmoja. Empu alishika koleo na kuamua kila hatua, lakini nyundo nzito zilipigwa na wasaidizi, na mara nyingi hao walikuwa wanawe au wanafunzi wake. Mwingine alivuta mivukuto. Picha za mawe katika hekalu la Sukuh, lililojengwa katika karne ya 15 kwenye mteremko wa mlima Lawu, zaonyesha karakana ya namna hiyo: mmoja yuko kwenye kazi ya kufua, mwingine kwenye mivukuto, na vifaa na silaha zilizomalizika zimepangwa karibu. Ni kazi ya karakana, nayo maarifa yake yalikuwa mali ya ukoo.

SAHIHI NI YA NINI?

Ili kuona jambo hili vizuri zaidi, yafaa kurudi kwa wahunzi wa Japani. Huko sahihi haikuanza kwa sababu ya majivuno. Sheria za dola za karne ya 8, ambazo chanzo chake ni mkusanyo wa Taihō wa mwaka 701, ziliamuru kwamba silaha zinazotengenezwa zichorwe mwaka, mwezi, na jina la fundi. Silaha hizo zingewekwa katika ghala za serikali na kutumiwa na askari ambao hawatamwona mhunzi maisha yao yote. Upanga ukivunjika, wakubwa walipaswa kujua nani wa kuulizwa. Baadaye, panga zilipouzwa kwa wingi, sahihi ikawa alama ya biashara. Matokeo yake yalikuwa kama yatokeavyo katika biashara zote: majina ya mabingwa yakaanza kughushiwa, na hata sasa wachunguzi wa panga za Kijapani hawaisadiki sahihi kabla ya kuuchunguza upanga wenyewe.

Kutokana na mfano huu, yaonekana kwamba sahihi ni chombo cha watu wasiojuana. Hutumika pale ambapo kitu kimeachana na aliyekitengeneza, na mtu wa tatu ataka kujua asili yake. Katika Java ya kale, mteja aliijua karakana, alikuwa ameagiza mwenyewe, na jamaa zake walikuwa mashahidi. Mwanawe aliporithi kerisi, alirithi na habari zake. Kumwandikia mtu jambo analolijua tayari hakukuwa na faida.

Tena, kwa mtazamaji aliyefunzwa, kazi yenyewe ilikuwa na alama nyingi. Kitako cha kerisi kina sehemu ndogondogo zenye majina: shimo la kidole gumba, vijito, ndoana ifananayo na mkonga wa tembo, na meno yaliyokatwa kwa umbo la herufi ya Kijava iitwayo dha. Kila empu alikuwa na namna yake ya kukata vitu hivi, kama mwalimu anavyoujua mwandiko wa mwanafunzi wake hata pasipo jina juu ya daftari. Baadhi ya alama hizi ni za ajabu. Mapokeo yamtaja mhunzi mwanamke aitwaye Ni Mbok Sombro, wa zama za Pajajaran, ambaye kerisi zake husemwa kutambulikana kwa tundu lililo mwishoni mwa msuka. Husimuliwa kwamba alizitunga katika uzi kama samaki na kuzichukua njiani.

HASARA YA KUMBUKUMBU ILIYOKATIKA

Utaratibu huo ulifaa maadamu kitu na simulizi yake vilikaa pamoja. Havikukaa pamoja daima. Vita vya Diponegoro vya mwaka 1825 hadi 1830 vilivuruga Java ya kati. Baada yake mamlaka ya Kiholanzi yalizidi, na nguvu za majumba ya wafalme zikapungua. Wateja wa kerisi wakawa wachache. Nyingi ziliuzwa, zilitolewa kama zawadi, au zilichukuliwa Ulaya. Aliyeipokea alipata chuma na ala yake, na mara nyingi hakupata simulizi. Hapo ndipo ukosefu wa jina ulipogeuka kuwa hasara.

Wajuzi wa Java wamejaribu kuziba pengo hili kwa elimu iitwayo tangguh, neno lenye maana ya makadirio. Mjuzi hutazama rangi ya chuma, hukipapasa, hupima uwiano wa umbo na kuchunguza michoro ya pamori; kisha husema kerisi hii yaelekea kuwa ya Majapahit, ile ya Tuban, ile ya Mataram. Ni elimu ya kweli, iliyotokana na macho yaliyoona kerisi nyingi. Lakini ina udhaifu ambao mwanafunzi wa sayansi atautambua. Kerisi husemwa kuwa ya Majapahit kwa sababu yafanana na nyingine zisemwazo kuwa za Majapahit. Na hizo nazo zilipata jina hilo kwa kufanana. Pasipo kerisi za kutosha zenye tarehe ya hakika, makadirio huzunguka bila mahali pa kukanyagia.

Udhaifu wa pili ni kwamba majina makubwa huvuta kazi za watu wengine. Kerisi nzuri isiyo na simulizi hupata upesi kusemwa kuwa ya Empu Supa, na wahunzi wengi wa vijijini waliofua kwa ustadi wamepotea ndani ya majina machache. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Empu Gandring. Kitabu cha kale kiitwacho Pararaton, kilichoandikwa zaidi ya karne mbili baada ya mambo yasimuliwayo, chasema kwamba Ken Arok, aliyekuja kuwa mfalme mwaka 1222, alimwagiza kerisi iwe tayari kwa miezi mitano. Gandring aliomba mwaka mmoja. Ken Arok aliporudi na kuikuta haijamalizika, alimchoma kwa kerisi hiyo hiyo, naye mhunzi akiwa anakufa akailaani. Gandring ni miongoni mwa wahunzi wanaojulikana zaidi Java, lakini hakuna kerisi iliyothibitishwa kuwa kazi yake. Anakumbukwa kwa kuwa aliuawa.

SAYANSI YAWEZA KUSAIDIA KIASI GANI?

Maabara yaweza kujibu baadhi ya maswali ambayo jina lingaliyajibu. Mfano mwema ni ule wa nikeli. Kwa muda mrefu ilisadikiwa kwamba pamori yote ilitoka mbinguni, yaani katika vimondo. Ni kweli kwamba kimondo cha Prambanan ni chuma chenye nikeli, kama kilivyo Kimondo cha Mbozi nchini Tanzania. Lakini vimondo ni adimu, na kerisi ni nyingi mno. Mwaka 1987 mwanaakiolojia Bennet Bronson alitoa hoja kwamba sehemu kubwa ya nikeli ya kerisi za kale ilitoka ardhini, katika chuma cha Luwu katika kisiwa cha Sulawesi, ambacho kwa asili kina nikeli. Hivyo kipande cha chuma chaweza kusimulia habari za biashara ya baharini ambazo hazikuandikwa.

Nikeli huweka pia mpaka wa wakati. Ilitambuliwa kuwa elementi peke yake na Axel Cronstedt wa Uswidi mwaka 1751, na nikeli iliyosafishwa viwandani ilipatikana kwa wingi katika karne ya 19 na kuendelea. Daktari Mholanzi Isaac Groneman, aliyeishi Yogyakarta na kuandika kwa kirefu juu ya kerisi, alikuwa miongoni mwa waliohimiza itumike badala ya chuma cha kimondo. Kwa hiyo, kerisi ambayo matabaka yake meupe ni nikeli tupu haiwezi kuwa ya zama za Majapahit, hata muuzaji akiapa.

Njia nyingine ni kupima kaboni-14. Kaboni iliyo ndani ya chuma cha pua hutokana na makaa ya miti, na mti ulipokatwa uliacha kupokea kaboni mpya kutoka hewani. Kwa kupima kiasi kilichosalia, umri wa makaa waweza kukadiriwa. Lakini njia hii huhitaji kukata kipande cha chuma, jambo ambalo mwenye urithi halikubali kwa urahisi. Tena wahunzi walikuwa na desturi ya kufua upya chuma kikuukuu, na hapo umri huchanganyika.

Vipimo hivi hutueleza chuma kilitoka wapi, kilifuliwaje, na pengine lini. Swali la nani hubaki. Hakuna kipimo cha kemia kinachosoma jina ambalo halikutiwa.

HALI YA SASA

Kufikia katikati ya karne ya 20 ufuaji wa kerisi katika Java ya kati ulikuwa karibu kukoma. Katika miaka ya 1970 watoto wa mhunzi Supowinangun wa Yogyakarta, akiwamo Djeno Harumbrodjo, walirudia kazi ya baba yao, wakitiwa moyo na baharia Mjerumani aitwaye Dietrich Drescher. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza kerisi ya Indonesia kuwa miongoni mwa tunu za urithi wa wanadamu, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha yake ya urithi usioshikika.

Pamoja na uhai huo mpya, jambo jingine limeonekana: baadhi ya wahunzi wa sasa hutia alama zao katika kazi zao au huandamanisha kerisi na hati. Sababu yake yakubaliana na yote yaliyoelezwa. Mnunuzi wa leo aweza kuwa mtu wa nchi ya mbali ambaye hataiona karakana wala kuwajua jamaa za mhunzi. Hali iliyozaa sahihi Japani karne nyingi zilizopita imefika Java.

Wahunzi wa kale, basi, hawakukosa jina kwa unyonge wala kwa kutojua. Waliliacha jina lao mahali walipoamini litakuwa salama, yaani katika vinywa vya watu waliowajua. Kosa la hesabu yao, kama ni kosa, ni kudhani kwamba vinywa hivyo havitanyamaza. Fundi yeyote aliye hai leo, awe mfua chuma, mfinyanzi au mchonga milango, aweza kuulizwa jina lake, mwalimu wake, na mahali apatapo malighafi yake, na majibu yakaandikwa katika daftari la shule kwa saa moja. Kwa kerisi nyingi zilizolala katika makumbusho, saa hiyo imekwisha kupita.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Pande la chuma lenye tabaka moja la pamori limekunjwa mara tisa. Je, lina matabaka mangapi ya pamori? Kwa nini mhunzi hawezi kuendelea kulikunja pasipo kikomo?

2. Eleza kwa nini kuwapo kwa nikeli tupu kwathibitisha kwamba kerisi si ya kale, lakini kutokuwapo kwake hakuthibitishi kwamba ni ya kale.

3. Kati ya sahihi inayoweza kughushiwa na simulizi inayoweza kusahauliwa, ipi ni ushahidi bora wa asili ya kitu? Toa hoja za pande zote mbili.